Fundi wa Danville

Mji wa Danville, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, umekaa kandokando ya mto Dan, na kwa miaka mingi riziki ya wakazi wake ilipitia milango miwili tu, yaani maghala ya tumbaku na viwanda vya pamba. Mwanzoni mwa Aprili 1865, majimbo ya kusini yaliyoasi kwa ajili ya kuulinda utumwa yalipokuwa yakikata roho, serikali yao ilikimbilia hapo, ikaufanya mji huo makao yake ya mwisho kwa muda wa wiki moja, na wazungu wa Danville waliutunza ukumbusho wa wiki hiyo kwa fahari vizazi na vizazi. Mwaka 1903 treni ya barua, iliyokuwa ikikimbizana na saa kwa kuwa imechelewa, ilitoka relini juu ya daraja karibu na mji huo, ikaua watu 11, na watu wakaitungia wimbo uliovuma nchi nzima. Basi Danville ilikuwa imekwisha onja mambo mawili, kibri cha rangi na hatari ya mwendo wa kasi, kabla hajazaliwa mtu ambaye angeyakabili yote mawili kwa mpigo.

Mtu huyo ni Wendell Oliver Scott, aliyezaliwa tarehe 29 Agosti 1921. Aliishika kazi ya udereva wa mashindano ya magari katika zama ambazo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa milki ya wazungu, akadumu nayo kwa zaidi ya miaka 20, na akaacha nyuma yake daftari la matokeo ambalo watu wengi hulifungua kwenye ukurasa mmoja tu. Hulitazama kwa ajili ya ushindi mmoja na dhuluma ya jioni moja, kisha hulifunga. Mimi nadhani jioni ile, pamoja na uovu wake wote, ilikuwa jambo dogo likipimwa katika mizani moja na dhuluma nyingine ya taratibu, isiyo na kelele wala mashahidi, ambayo bei ya injini na matairi ilimtendea mtu huyu mwaka baada ya mwaka.

Baba yake alikuwa dereva na makanika wa familia za wazungu wenye mali, na kutoka kwake kijana alirithi sikio la kuusikiliza mtambo na mkono usioogopa mafuta machafu. Baba huyo aliiacha nyumba watoto wakiwa wadogo, lakini ujuzi ulikuwa umekwisha ingia. Wendell alishindana kwa baiskeli na watoto wa kizungu mitaani akawashinda, na alipoona jinsi watu weusi wa mji wake walivyokuwa wakiingia kiwandani alfajiri na kutoka magharibi chini ya macho ya msimamizi, aliweka azma kuwa yeye hatakuwa mtumwa wa king'ora cha mtu. Aliacha shule, akaendesha teksi, akamwoa Mary Coles mwaka 1943, akapelekwa Ulaya katika jeshi la Marekani, ambalo wakati ule liliwatenga askari weusi na weupe, akatengeneza magari ya vita. Na aliporudi salama akafungua gereji yake mwenyewe.

Gereji hiyo ilikuwa halali, lakini chumo lake halikutosha nyumba yenye watoto wengi, na hapo ndipo Scott alipoingia katika biashara ambayo hatuwezi kuiruka kwa ajili ya staha, maana bila hiyo mbio za magari za Marekani ya kusini zisingalikuwa kama zilivyokuwa. Katika milima na misitu ya majimbo yale watu walikeneka pombe kali ya mahindi usiku kucha, kama gongo au chang'aa ya kwetu, wakiikwepa kodi ya serikali kuu. Na pombe hiyo haikuwa na faida mpaka ifike mjini, wala haikufika mjini bila ya gari liwezalo kuwakimbia askari. Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933 iliikuza biashara hiyo, lakini haikufa marufuku ilipoondolewa, kwa sababu kodi ilibaki, na kaunti nyingi ziliendelea kukataza uuzaji wa pombe. Gari la magendo lilitakiwa liwe na sura ya upole, lifanane na gari la mwalimu au la mchungaji wa kanisa. Ila chini ya boneti injini ilikuwa imefunguliwa na kuongezewa nguvu, na springi za nyuma zilikuwa zimekazwa ili gari lililosheheni madumu lisiiname nyuma na kumtobolea siri mwenyewe. Mtu aliyeliendesha gari la namna hiyo gizani, taa zimezimwa, katika barabara ya udongo yenye kona kama utumbo, alikuwa amekwisha hitimu chuo ambacho hakina cheti. Scott alihitimu. Mwaka 1949 alikamatwa mara moja, akahukumiwa miaka 3 ya kuangaliwa nje ya gereza.

Katika miaka hiyo hiyo chuo hicho kisicho na cheti kilikuwa kinapewa katiba. Desemba 1947, katika hoteli ya Streamline iliyopo Daytona Beach, mwandalizi wa mashindano aitwaye Bill France aliwakusanya waandalizi, mafundi na madereva, na kikao chao kikazaa chama cha NASCAR, kilichoandikishwa rasmi Februari 1948. Fikra ya France ilikuwa nyepesi na yenye busara ya kibiashara: watu watapenda kutazama magari yale yale wanayoyaona dukani yakishindana, kwa kuwa kila mtazamaji anaweza kudai kuwa gari lake lingeshinda. Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani mbio za Safari zilizoanzishwa mwaka 1953 zilijengwa juu ya msingi huo huo wa magari yatokayo dukani. Shindano la kwanza la NASCAR la magari ya namna hiyo lilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Wa kwanza kufika alikuwa Glenn Dunnaway. Waamuzi wakalikagua gari lake wakakuta springi za nyuma zimekazwa kwa ufundi wa magendo, wakamnyang'anya ushindi, wakampa Jim Roper kutoka Kansas. Mwenye gari alikwenda mahakamani akashindwa, na tangu hapo ikathibitika kuwa ndani ya uwanja neno la chama ndilo sheria. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa miaka 14 baadaye chama hicho hicho, chenye macho ya kuona springi zilizokazwa, kilidai kuwa hakikuona gari zima likipita mbele ya makarani wake.

Scott aliingia uwanjani kwa mlango wa kejeli. Mwaka 1952 waandalizi wa mashindano ya Danville, ambao hawakuwa wa NASCAR bali wa mzunguko mwingine wa mikoa ile uliojulikana kwa jina la Dixie, waliona viti vyao havijai, wakafikiri kuwa dereva mweusi angewavuta watu, weupe kwa weusi, kuja kushangaa. Wakauliza nani katika mji ule ni dereva mweusi mwenye kasi. Waliwauliza polisi, nao polisi, ambao walikuwa wamekwisha mfukuza usiku mwingi bila ya kumfikia, wakamtaja Scott pasi na shaka. Tarehe 23 Mei 1952 akashindana katika uwanja wa maonyesho wa Danville, na baadhi ya watazamaji wakamzomea. Gari lake lilikuwa na matatizo, lakini alikuwa amekwisha onja. Mara moja akalifunga gari nyuma ya jingine akalikokota mpaka Winston-Salem kwenye mashindano ya NASCAR, wakamwambia hapana. Akaenda High Point, huko wakamwambia kuwa gari linaweza kukimbia iwapo ataketi mzungu kwenye usukani. Inasimuliwa kuwa alirudi nyumbani machozi yakimtoka, na mimi siisimulii hadithi hiyo kwa kumwonea haya, maana mtu aliyefukuzwa na polisi akacheka, kisha akalia kwa kuzuiwa kushindana, amekwisha eleza thamani ya vitu hivyo viwili kwake.

Basi akashika viwanja vidogo, akashinda kwa mara ya kwanza huko Lynchburg siku chache tu baada ya kuanza, na kidogo kidogo watazamaji waliokuja kuzomea wakaanza kuja kumtazama. Leseni ya NASCAR aliipata kwa njia ambayo mwandishi wa riwaya asingethubutu kuibuni. Alikwenda kwenye uwanja wa Richmond, akamkuta msimamizi aitwaye Mike Poston, mtu wa cheo kidogo ambaye hakuwa na haja ya kujitafutia taabu. Poston akamwuliza kama anajua mambo yatakayompata, akajibu kuwa anajua, na leseni ikaandikwa papo hapo bila ya makao makuu ya Daytona kuulizwa neno. Wakubwa wa chama walikuta jambo limekwisha tendeka. Mwaka 1954, mwandalizi mmoja alipowapa madereva wazungu fedha za mafuta ya safari akamnyima Scott, yeye alimwendea Bill France mwenyewe, na kwa masimulizi ya Scott, France alimwahidi kuwa atatendewa kama mwanachama yeyote, akatia mkono mfukoni akampa dola 30 badala ya 15 walizopewa wenziwe. France alikuwa mtu wa namna hiyo: mkarimu wa mkono, ila mzito wa kusimama mbele ya waandalizi aliokuwa akihitaji viwanja vyao. Huko Darlington, katika jimbo la South Carolina, kwenye uwanja wa kwanza mkubwa wa lami katika mashindano hayo, mlango ulibaki umefungwa kwa Scott kwa miaka, na chama kilichomwandikia leseni hakikuuvunja.

Mwaka 1959 alitwaa ubingwa wa jimbo la Virginia katika daraja la chini la NASCAR, na mwaka huo huo ubingwa wa uwanja wa Southside huko Richmond. Na hapo akiwa na umri wa karibu miaka 40, umri ambao madereva wengine huanza kufikiria kupumzika, akaona amekomaa kupanda daraja la juu lililoitwa Grand National. Tusimpe sifa isiyo yake: Elias Bowie alikwisha shindana katika daraja hilo huko California mwaka 1955, na Charlie Scott, ambaye hakuwa jamaa yake, alishindana Daytona mwaka 1956, nao wote wawili walikuwa watu weusi. Lakini hao walipita kama wageni. Wendell Scott alihamia. Tarehe 4 Machi 1961, huko Spartanburg, alianza, na katika mwaka huo alishindana mara 23.

Hapa inafaa tusimame tuitazame hesabu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi wa habari za michezo hudhani kuwa dereva hushinda au kushindwa kwa moyo na mikono. Katika miaka ile madereva wa Grand National walikuwa wa namna mbili. Walikuwapo wale waliokuwa na kiwanda nyuma yao, Ford au Chrysler, ambao walipewa injini, matairi, mafundi wa kulipwa na gari la akiba. Na walikuwapo wa kujitegemea, ambao gari lilikuwa lao, deni lilikuwa lao, na spea waliziokota walipoweza. Scott alikuwa wa kundi la pili, na ndani ya kundi hilo alikuwa chini kabisa, kwa sababu wazungu wa kujitegemea walau waliweza kuota kuwa siku moja mwenye duka la magari atawaona na kuwadhamini, na yeye ndoto hiyo alikuwa amefungiwa. Mdhamini aliyeweka jina lake ubavuni mwa gari la mtu mweusi aliogopa kuwapoteza wanunuzi wa kusini, na hofu hiyo ilikuwa na nguvu kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Mtu asiye na mdhamini huendesha kwa hesabu tofauti. Injini ikipasuka kwa kukazwa sana, hasara yake ni kubwa kuliko zawadi ya nafasi anayoigombania. Kwa hiyo humbidi aisikilize, aipe pumzi, aache wengine wapite, na aitafute zawadi ya nafasi ya tisa au ya kumi ambayo italipa matairi ya wiki ijayo. Matairi yenyewe mara nyingi yalikuwa yale ambayo wenye uwezo walikwisha yatumia. Mafundi wake walikuwa wanawe, waliolala garini pamoja naye barabarani kwa kuwa hoteli za kusini hazikuwapokea na mikahawa iliwahudumia mlango wa nyuma, kama iliwahudumia. Na yasemwa kwamba palipokuwa na upungufu wa mikono, Scott mwenyewe alishuka katikati ya mashindano akabadilisha tairi, akapanda tena akaendelea. Kisha, wengine wanapokwenda kulala, yeye alikokota gari mamia ya maili kurudi Danville, kwa kuwa asubuhi gereji ilikuwa ikimngoja. Zaidi ya hayo walikuwapo madereva waliomgonga kwa inda. Dereva mzungu akigongwa humgonga aliyemgonga, na uwanja hucheka. Scott alijua kuwa siku atakayojibu, kisingizio cha kumfukuza kitakuwa kimepatikana, na alijua pia kuwa hana fedha za kunyoosha bati. Uvumilivu wake ambao watu walimsifia kama tabia ya upole ulikuwa, kwa sehemu kubwa, uchumi.

Wala wote hawakuwa wabaya. Ned Jarrett, bingwa wa mwaka 1961, alikuwa mtu wa murua aliyemheshimu, naye ndiye aliyemwuzia gari la Chevrolet la mwaka 1962 ambalo Scott alilipa nambari 34. Kampuni ya General Motors, waundaji wa Chevrolet, ilikuwa imejitoa rasmi katika mbio mwanzoni mwa 1963, kwa hiyo Scott alikuwa na gari lililokwisha tumika la kiwanda kilichokwisha kata shauri la kuondoka. Joginder Singh aliishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha shindana chini ya mtu mwingine, na wapenzi wa mbio wa kwetu wanapenda kulikumbusha jambo hilo kama ushahidi kuwa gari kuukuu si hoja; ila Singh alipofika kwenye utepe, hakuna aliyebisha kuwa amefika.

Mwaka 1963 ulikuwa mzito katika Danville yenyewe. Tarehe 10 Juni watu weusi walioandamana kudai haki zao walipigwa kwa virungu na maji ya mabomba ya zimamoto, na Martin Luther King alifika mjini humo kuwatia moyo. Rais Kennedy akauawa Novemba 22. Siku 9 baadaye, Jumapili tarehe 1 Desemba, magari yalipanga safu katika uwanja wa Jacksonville, jimbo la Florida, njia ya udongo yenye urefu wa nusu maili, mizunguko 200. Udongo ulikuwa mbovu, wenye mashimo yaliyovunja magari ya wakubwa, na uwanja wa namna hiyo ndio pekee unaoweza kulipunguza pengo kati ya tajiri na fukara, maana huulipa uangalifu kuliko nguvu. Ilipobaki mizunguko 25, gari la Richard Petty lililokuwa likiongoza lilikuwa limeanza kuugua, na Scott akalipita. Hakuna aliyempita tena. Akamaliza mizunguko 200, akatazamia bendera ya miraba, bendera haikushushwa; akazunguka tena, na tena, na hatimaye ikashushwa kwa Buck Baker, bingwa wa mwaka 1956 na 1957, ambaye alikuwa nyuma yake mizunguko 2.

Baker akapewa kikombe, akapigwa picha na malkia wa uzuri, msichana wa kizungu ambaye desturi ilimtaka ambusu mshindi. Scott akadai hesabu ziangaliwe upya. Katika zama hizo mizunguko ilihesabiwa kwa mkono na makarani wenye kalamu na karatasi, na makosa ya hesabu yalitokea kweli. Lakini Scott mpaka kufa kwake hakusadiki kuwa hilo lilikuwa kosa la kalamu, alisadiki kuwa hapakuwa na mtu katika uwanja ule aliyetaka kuona busu hilo likiangukia shavu jeusi mbele ya umma wa Florida, na mtu aliyezisoma habari za mwaka ule atapata taabu kumbishia. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wamekwisha tawanyika, viti vitupu, na kikombe kimekwisha ondoka na Baker, waamuzi walitamka kuwa mshindi ni Wendell Scott. Jina lake likaandikwa katika daftari. Wiki kadhaa baadaye huko Savannah, mji ambao mwaka 1962 alikuwa amepata nafasi ya mbele kabisa katika safu ya kuanzia, alikabidhiwa kijikombe cha mbao cha bei ya chini, kisicho na maandishi ya maana, na mambo yakaachwa hapo.

Sasa kilichofuata ndicho ninachotaka kitazamwe. Dereva mwingine yeyote aliyeshinda katika daraja la juu angeingoja simu ya kiwanda. Februari 1964, wiki chache tu baada ya Jacksonville, kampuni ya Chrysler ilileta Daytona injini yake mpya iliyoitwa Hemi, na Richard Petty, yule yule aliyepitwa katika udongo wa Florida, akaitumia kuwaacha wenziwe mbali katika shindano kubwa kuliko yote ya mwaka, na mwisho wa msimu akawa bingwa. Simu ya Scott haikulia. Alirudi kwenye matairi yaliyotumika na injini za kuunganishwa, naye akaanza kipindi ambacho, kwa maoni yangu, kinamtukuza kuliko jioni ya Jacksonville: mwaka 1966 alimaliza wa 6 katika jumla ya pointi za msimu mzima, mwaka 1967 wa 10, mwaka 1968 wa 9, na mwaka 1969 wa 9 tena. Nafasi hizo hazimpi mtu picha ya kubandikwa ukutani. Lakini fikiri kuwa mtu aliye karibu na miaka 50, anayelima kwa jembe katika shamba la wenye matrekta, anavuna miaka 4 mfululizo kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa wakulima 10 bora wa nchi, kisha upime uhodari uko wapi.

Mwaka 1972 tu, huko Charlotte, ndipo mwandalizi wa uwanja alipompatia gari la Chevrolet lililotoka katika karakana ya Junior Johnson, mtu aliyekuwa amepita chuo kile kile cha gongo, akafungwa kwa ajili yake, na baadaye akawa mmoja wa mafundi wakubwa wa mchezo huo. Scott aliona riziki imefunguka. Gari likaharibika kabla ya mashindano kwisha, na halikuja jingine.

Akaamua kujinunulia mwenyewe. Alipata gari la Mercury kwa gharama iliyozidi uwezo wake, kwa kuwa viwanja vilikuwa vimebadilika: mizunguko ya udongo ilikuwa imeondolewa katika daraja la juu, na mahali pake palikuwa na njia ndefu za lami kama ile ya Talladega, katika jimbo la Alabama, yenye urefu wa maili 2.66 na kona zilizoinuliwa mfano wa ukuta, ambako gari kuukuu halina tena mashimo ya kulitetea. Tarehe 6 Mei 1973, mizunguko michache tu baada ya kuanza, gari moja liliharibika mbele, na magari yapatayo 20 yakagongana katika vumbi na moshi. Mercury ilikuwa miongoni mwao. Scott alivunjika nyonga na mbavu, na gari lililokuwa halijalipa hata sehemu ya gharama zake likawa chuma chakavu. Alijikongoja akashindana tena Charlotte mwezi wa Oktoba, akamaliza wa 12, akaondoka katika kazi hiyo akiwa na jumla ya mashindano 495 ya daraja la juu, ushindi 1, na mara 147 ndani ya 10 bora.

Waliotaka kumjua zaidi walipewa filamu mwaka 1977, iitwayo Greased Lightning, ambamo Richard Pryor aliigiza nafasi yake. Filamu hiyo ina furaha nyingi na mwisho mwema, kama filamu zipendavyo, nayo haikuyabadilisha sana maisha ya mwenye habari zake, aliyeendelea kutengeneza magari ya watu Danville mpaka maradhi ya saratani yalipomshinda. Alifariki tarehe 23 Desemba 1990.

Heshima zilimfuata zikiwa zimechelewa, na zilikuja kwa wingi kama zinavyomjia aliyekufa. Mtaa wa Danville ukapewa jina lake. Mwaka 2015 akaingizwa katika ukumbi wa wastahiki wa NASCAR, mtu mweusi wa kwanza kufika humo. Tarehe 28 Agosti 2021, siku moja kabla ya kutimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, chama kiliikabidhi familia yake huko Daytona kikombe cha Jacksonville, mbele ya watazamaji waliokuwa wangali vitini. Wiki tano baadaye, Jumatatu tarehe 4 Oktoba, Bubba Wallace alikuwa akiongoza huko Talladega mvua ilipoyakatiza mashindano katika mzunguko wa 117, naye akawa mtu mweusi wa pili kushinda katika daraja hilo. Gari lake lilikuwa Toyota mpya, lenye wadhamini ubavuni na injini iliyotoka kwa watengenezaji wa kampuni hiyo, chini ya timu ambayo mmoja wa wenyewe ni Michael Jordan, na mafundi wa kubadilisha matairi walikuwa wamesimama tayari, kila mmoja na kazi yake.